Fedha za Duka la Newark

Felix Fuld alifariki Januari 1929, na kifo chake kilimtoa Louis Bamberger hamu ya biashara. Walikuwa wabia tangu 1892. Walikuwa mashemeji pia, kwani Fuld alimwoa Caroline, dada yake Bamberger, na wote watatu waliishi nyumba moja South Orange, New Jersey, nje kidogo ya Newark ambako duka lao lilikuwa. Bamberger alikuwa anaingia miaka 74. Hakuwahi kuoa, na hakuwa na mtoto wa kumkabidhi funguo. Mwaka haujafika nusu akawa ameshaketi na wenye duka la Macy's la New York, na kiangazi hicho duka likauzwa kwa takriban dola milioni 25, sehemu taslimu na sehemu hisa.

Oktoba mwaka huohuo soko la hisa la New York likaporomoka.

Wasimulizi wa habari zake hupenda kumchora mzee huyu kama mtu aliyeinusa hatari kabla ya wenzake. Sioni sababu ya kumpa unabii huo. Aliuza kwa kuwa mwenziwe amekufa na yeye umri umekwenda. Kalenda ilimpendelea, basi. Linalomhusu kweli ni lile alilofanya mara baada ya kuuza. Aliwatazama wafanyakazi waliodumu naye miaka 15 na zaidi, akawagawia dola milioni moja. Walikuwa zaidi ya 200. Wengine walipewa fedha mkononi, wengine wakawekewa malipo ya kila mwaka ya kuwatunza uzeeni. Wakati huo Marekani haikuwa na pensheni ya serikali kwa wazee wote. Sheria ya kuianzisha pensheni ya taifa ilikuja 1935. Karani aliyesimama nyuma ya kaunta miaka ishirini alikuwa na alichojiwekea, na watoto wake, na Mungu.

Fedha zilizobaki zilikuwa nyingi mno kwa mzee mmoja na dada yake mjane. Kuelewa zilikokwenda, na kwa nini sehemu kubwa zaidi haikukaa Newark kama wenyewe walivyotaka, inabidi kwanza kumfahamu Bamberger muuza duka, maana alitoa sadaka kwa mazoea yaleyale aliyouzia.

Alizaliwa Baltimore, Maryland, mwaka 1855. Baba yake, Elkan, alikuwa Myahudi aliyehama kutoka Bavaria, Ujerumani. Mama yake, Theresa, alitoka ukoo wa Hutzler, waliokuwa na duka la vitambaa mjini humo. Louis aliacha shule akiwa na miaka 14, akaenda kutumwatumwa na kusimama kaunta katika duka la wajomba zake. Huko ndiko alikojifunza jora zuri na baya kwa vidole, na tofauti ya mteja anayenunua na anayepitisha wakati. Mwaka 1887 alihamia New York, akafanya kazi ya ununuzi wa jumla, huku akitafuta mtaji na mlango wake mwenyewe.

Mlango ulifunguka kwa msiba wa mtu mwingine. Mwaka 1892 duka la Hill & Craig, Market Street, Newark, lilifilisika, na shehena yake ikawa inauzwa kwa bei ya kutupa. Bamberger aliinunua yeye na wenzake wawili, Felix Fuld na Louis Frank. Frank alikuwa ndiye mume wa Caroline wakati huo. Alifariki 1910, na miaka mitatu baadaye Caroline akaolewa na Fuld. Desemba 1892 walifungua milango wauze shehena ile wapate faida yao. Mali ilikwisha haraka hata wakaona hakuna haja ya kuondoka.

Newark ya siku hizo ilikuwa mji wa viwanda: ngozi, vito, bia, kofia. Ulijaa wahamiaji, Wajerumani, Waayalandi, Waitalia, Wayahudi wa Ulaya Mashariki, na mishahara ya Jumamosi. Ila New York ilikuwa karibu, safari fupi tu ya treni na kivuko, na mwanamke wa Newark mwenye fedha ya kutosha alikuwa akienda kununua gauni lake huko. Wenye maduka wa mji walizoea kuokota makombo. Ili afanikiwe, Bamberger alipaswa kumfanya mwanamke huyo aone haya kuvuka mto kwa kitu ambacho angekipata Market Street.

Njia zake hakuzibuni yeye. Maduka makuu ya Paris, New York na Philadelphia yalikuwa yameshazitumia. Bei moja imeandikwa kwenye kibandiko, hakuna kupatana. Bidhaa isiyokuridhisha, rudisha, chukua fedha yako bila maneno. Sisi tuliokulia kwenye masoko ya kukata bei tunaweza kuona kibandiko kama ukavu wa muuzaji asiyejua utu, lakini tazama kilimfanyia nini mhamiaji. Mama aliyetoka kijiji cha Sicilia mwezi uliopita, Kiingereza chake maneno hamsini, hawezi kupatana bei na mtu aliyezaliwa kwenye kaunta. Ataliwa. Kibandiko kinampa bei ileile anayopewa mke wa hakimu. Tena kinamnufaisha mwenye duka, maana kupatana kunahitaji muuzaji mwenye akili ya biashara kwenye kila kaunta, na watu hao ni ghali, huku kibandiko kikimwezesha msichana wa miaka 17 kuuza kutwa nzima bila kukosea. Bila bei moja, duka lisingeweza kuwa na wafanyakazi maelfu.

Ndani ya duka kuu la namna hiyo kuna mtu ambaye wateja hawamwoni, naye ndiye roho ya biashara: mnunuzi wa idara. Idara ya viatu ina wake, ya mapazia ina wake, ya vyombo vya udongo ina wake. Yeye huamua kipi kiletwe, kwa kiasi gani, kiuzwe bei gani. Mwenye duka akimwingilia kila siku, duka halikui. Akimwachia bila hesabu, linafilisika. Ufundi wa Bamberger ulikuwa hapo. Alitafuta mtu anayeijua kazi kuliko yeye, akampa idara, kisha akasubiri vitabu vya mwisho wa mwezi.

Mwaka 1912 walihamia jengo jipya lililopakana na Market, Halsey na Washington Street, limechorwa na Jarvis Hunt wa Chicago, limevikwa vigae vyeupe vya udongo wa kuchoma. Wenyeji walizoea kuliita Bam's. Februari 1922 wakaanzisha ndani yake kituo cha redio, WOR, sababu ikiwa ni ya kiduka kabisa: walikuwa wanauza redio, na redio isiyo na cha kusikiliza ni sanduku tu. Kituo hicho kiliishi kuliko duka lenyewe. Bamberger hakuwa mtu wa maikrofoni. Alikimbia hotuba, alikimbia sherehe za kumshukuru.

Kutoa alianza mapema, na alianzia karibu. Myahudi wa Newark, hata tajiri, alikuwa na milango isiyomfunguka: klabu fulani, bodi fulani, na kwa madaktari vijana, wodi za hospitali nyingi. Ndiyo maana hospitali ya Beth Israel ilikuwa na uzito uliozidi vitanda vyake. Daktari wa Kiyahudi aliyekataliwa kwingine aliweza kufanya kazi pale, na mgonjwa wa imani yoyote akatibiwa. Bamberger na Fuld walikuwa miongoni mwa wafadhili wakubwa wa hospitali hiyo, iliyohamia jengo jipya la Lyons Avenue mwaka 1928. Mwandishi Philip Roth, aliyeiweka Newark kwenye ramani ya fasihi, alizaliwa humo 1933.

Ila zawadi inayomweleza vizuri zaidi ni makumbusho. Newark ilikuwa na mkutubi mmoja mkorofi, John Cotton Dana, aliyeanzisha makumbusho ya mji mwaka 1909, awali ndani ya vyumba vya maktaba. Dana aliwachukia watu waliojenga mahekalu ya marumaru kwenye vilima, wakayajaza picha za mafuta zilizonunuliwa Ulaya, wakayafunga saa kumi jioni. Alisema waziwazi kwamba duka kuu zuri, lililo katikati ya mji, lenye milango wazi kwa kila mtu na bidhaa zilizopangwa zionekane, linakaribia makumbusho bora kuliko makumbusho yenyewe. Mwaka 1904 alikuwa ameshafungua tawi la maktaba kwa ajili ya wafanyabiashara. Baadaye alifanya maonyesho ya bidhaa za viwanda vya New Jersey, vyombo vya udongo na nguo, na hata ya vitu vya senti chache kutoka madukani, kuwaonyesha watu kwamba uzuri haungoji utajiri.

Hebu fikiria Bamberger akisikia maneno hayo. Maisha yake yote matajiri wa damu ya zamani walimwona muuza vitambaa. Sasa msomi mkubwa kuliko wote mjini anamwambia kwamba kazi yake ya kupanga sahani dirishani ni ndugu ya sanaa. Jiji lilitoa kiwanja Washington Street, Bamberger akalipia jengo, mchoraji akawa Jarvis Hunt yuleyule wa duka, na mwaka 1926 milango ikafunguliwa. Cha kuangaliwa hapa si ukubwa wa fedha. Ni kwamba hakumfundisha Dana kazi. Hakudai ukumbi wa picha za ukoo wake, wala hakuchagua cha kuonyeshwa. Alimpata mnunuzi wa idara anayeijua idara yake, akamwacha anunue. Na kwa kuwa Dana alikuwa mtu wa Newark hadi uti wa mgongo, kila dola ilikaa Newark.

Dana naye alifariki 1929. Mwaka huo ulimpokonya Bamberger shemeji, mshauri na duka.

Mwishoni mwa mwaka, mwanasheria na mhasibu wa Bamberger na Caroline walimwendea Abraham Flexner. Ndugu hawa wawili walikuwa na wazo: shule ya udaktari, Newark, itakayowafungulia mlango vijana wa Kiyahudi. Vyuo vingi vya udaktari vya Marekani wakati huo vilikuwa na kiwango cha siri cha Wayahudi watakaopokelewa, na kijana mwenye alama nzuri angeweza kukataliwa kwa jina lake tu. Wazo lilikuwa la haki, la wakati wake, na la kiduka pia: kuna wateja wengi mlangoni na hakuna anayewauzia.

Walikuwa wamemwendea mtu asiye rahisi. Flexner, mwenyewe mzaliwa wa Kentucky na mtoto wa wahamiaji wa Kiyahudi, ndiye aliyeandika ripoti ya mwaka 1910 iliyosababisha shule nyingi dhaifu za udaktari Marekani kufungwa. Aliwaambia kwamba shule ya udaktari bila chuo kikuu imara nyuma yake na hospitali ya kufundishia ubavuni mwake ni kupoteza fedha. Newark haikuwa na chuo kikuu cha namna hiyo, na New York yenye vyote ilikuwa ng'ambo ya mto. Shule ya kabila au dini moja nayo hakuitaka. Kisha akawaonyesha alichokuwa akikiandika juu ya vyuo vikuu, na ndoto yake mwenyewe: mahali pa wataalamu wachache mno, wasiofundisha madarasa, wasiotoa shahada, wanaolipwa vizuri ili wafikiri.

Wakakubali. Hilo ndilo linalonishangaza kila ninapolirudia. Muuza duka aliyejua thamani ya kila futi ya kaunta akaafiki kulipa mishahara ya watu ambao hawatazalisha chochote kinachoweza kuwekwa kibandiko. Lakini ukikumbuka alivyoendesha biashara, mshangao unapungua. Flexner alikuwa mjuzi wa idara hiyo kuliko yeyote nchini.

Mei 20, 1930, Institute for Advanced Study, yaani Taasisi ya Taaluma za Juu, ilisajiliwa kwa wakfu wa kuanzia wa dola milioni 5. Wafanyabiashara wengi wa Marekani mwaka huo walikuwa wakitafuta mkopo. Katika barua ya Juni 6 kwa wadhamini, Bamberger na Caroline waliweka sharti moja ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko milioni zile: katika kuteua na kupokea watu, isiangaliwe rangi, dini wala jinsia. Ile azma ya kuwafungulia vijana wa Kiyahudi mlango haikufa. Ilipanuliwa ikawa kanuni ya wote.

Walieleza pia kwamba zawadi hii ni shukrani yao kwa New Jersey na kwa watu wa Newark, na hati za usajili ziliitaja Newark na viunga vyake kuwa ndiyo makao. Hapa mzee alishindwa. Flexner alitaka maktaba na wanahisabati wa kukaa nao, na hivyo vilikuwa Princeton, kilomita zipatazo 60 kusini. Alianza na hisabati kwa sababu ambayo muuza duka yeyote angeipenda: haihitaji maabara, inahitaji watu wachache, vitabu, karatasi na chaki. Akampata Oswald Veblen kutoka Chuo Kikuu cha Princeton, akamwajiri Albert Einstein mwaka 1932, na Einstein akawasili Oktoba 1933, Hitler ameshashika Ujerumani. Taasisi ilianza kazi ndani ya jengo la hisabati la chuo kile. Makao yake yenyewe, Fuld Hall, yaliyobeba jina la shemeji aliyekufa, yalikamilika 1939. Newark ikabaki kwenye karatasi za usajili.

Tukumbuke chuo hicho jirani kilikuwa cha namna gani. Princeton nayo ilikuwa na kiwango chake cha Wayahudi, na watu weusi haikuwapokea. Mwaka 1941 mwanahisabati kijana, David Blackwell, Mmarekani mweusi, alipokelewa na Taasisi kwa mwaka mmoja. Ilikuwa desturi kwa wageni wa Taasisi kupewa heshima ya uanachama katika chuo kikuu; alipofika Blackwell, uongozi wa chuo ukapinga. Taasisi haikumwacha. Baadaye Blackwell akawa mmoja wa wanatakwimu wakubwa wa karne. Wenye mtima mzuri walikuwepo, bila shaka, ila walikuwa na barua ya wenye fedha ya kuwalinda, na barua ya mwenye fedha hushinda mtima mzuri kwenye vikao vingi.

Taasisi, huko Princeton, ilipata zaidi ya dola milioni 15 za ukoo wa Bamberger mpaka mirathi ilipofungwa. Huko ndiko mwanamantiki Kurt Gödel alikotulia na mwanahisabati John von Neumann alikojenga kompyuta yake baada ya vita. Newark ilipata makumbusho, msaada wa hospitali, na mkusanyo wa saini za watia saini wa Azimio la Uhuru ambao Bamberger aliukabidhi Chama cha Historia cha New Jersey. Si haba. Ila anayempima kwa neno la mhisani wa mji wake hawezi kukwepa kwamba hazina kubwa kuliko zote ilipita Newark ikaenda kukaa penye miti na utulivu. Simlaumu Flexner, alitafuta kilicho bora kwa alichokijenga. Namlaumu Bamberger kidogo. Dana alikuwa na mji kifuani, kwa hiyo kumwachia hakukuwa na hatari. Flexner hakuwa nao, na kumwachia yeye suala la mahali kulikuwa sawa na kumruhusu mnunuzi wa idara aamue duka lihamie wapi.

Bamberger alifariki Machi 11, 1944, nyumbani South Orange, na bendera za Newark zikateremshwa nusu mlingoti. Caroline alimfuata mwaka huohuo. Jina lao lilibaki mlangoni chini ya Macy's hadi 1986, na duka la Market Street lilifungwa 1992, miaka mia baada ya shehena ya Hill & Craig. Jengo siku hizi limejaa mitambo na nyaya za mawasiliano.

Shule ya udaktari ilifika Newark hatimaye, lakini si kama alivyoitaka. Katikati ya miaka ya 1960 serikali ya New Jersey ilimiliki chuo cha udaktari kilichokuwa Jersey City, na jiji la Newark, likitaka kukivuta, likakiahidi ekari 150 za Central Ward, mtaa uliojaa familia za watu weusi waliofika kutoka kusini. Kufikia wakati huo mji ulikuwa umebadilika: wazungu wengi, Wayahudi pamoja nao, walikuwa wamehamia vitongojini, viwanda vimefungwa, na baraza la jiji halikuwasikiliza waliobaki. Hasira ya kubomolewa nyumba ili pajengwe chuo ilikuwa mojawapo ya kuni za ghasia za Julai 1967, zilizoua watu 26 kwa siku chache.

Mwaka uliofuata wenyeji walikaa mezani na jimbo, jiji na serikali ya shirikisho. Ekari zikapunguzwa hadi kufikia takriban 58, na makubaliano yakataja makazi kwa waliohamishwa, huduma za afya kwa majirani, na sehemu ya ajira za ujenzi kwa watu weusi na Wapuertoriko. Chuo kikajengwa, na hadi leo kinafundisha madaktari hapohapo. Hakuna mfadhili aliyewapangia masharti yale. Waliyapata kwa kubishana kifungu kwa kifungu, usiku hadi usiku, na watu waliokuja na ramani zao tayari.